Usijidunge hicho kichupa

Shoga yangu Zuhura,

Salamu zimefika, na swali lako la jinsi ya kupata semaglutaidi, ile sindano ya kupunguza uzito, kwa unafuu nimelisoma, na picha ya kichupa ulichouziwa nimeiona. Nimeikuza mpaka mwisho: karatasi imebandikwa upande, hakuna namba ya toleo wala tarehe ya kuisha muda. Tafadhali usijidunge kitu hicho. Najua utasema naongea kwa kuwa yangu yameshaninyookea. Yamenyooka, ndiyo, lakini si kwa utajiri, unanijua.

Mimi nami nilianzia huko huko. Kuna mtu alikuwa aniuzie kwa simu, bei ya kutupa. Nikamuuliza dawa inasafirije, akanijibu iko kwenye bahasha, haina neno. Semaglutaidi ambayo haijaanza kutumika hukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8! Isitoshe, mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilishatahadharisha kuhusu semaglutaidi bandia. Hapo nikanywea, nikaenda kwa daktari.

Kabla hata sijakaa nilimwambia, daktari, mfuko wangu mdogo. Lile neno ndilo lililoniokoa, maana kila alichopanga baadaye alikipanga akilijua. Akanipima uzito, urefu, presha na sukari. Akauliza kama kwetu kuna aliyewahi kupata saratani ya tezi ya shingo, kama nimewahi kuugua kongosho, kama nina mpango wa kubeba mimba, kwa sababu dawa hii huachwa miezi 2 kabla. Yule wa kwenye simu aliniuliza swali moja tu: utatuma pesa saa ngapi?

Sasa kuhusu unafuu, maana ndicho ulichouliza. Ozempic na Wegovy ni majina tu ya dukani, dawa ndani ni semaglutaidi ile ile. Moja imesajiliwa kwa kisukari cha aina ya pili, nyingine kwa uzito, na bima huziangalia kwa macho tofauti kabisa. Mimi sukari yangu iko sawa, ila presha ninayo, na presha ilinisaidia (sikuwahi kufikiri nitaishukuru). Dawa ya uzito kwa kawaida huandikiwa mtu ambaye uwiano wake wa uzito na urefu (BMI) umefika 30, au 27 akiwa na maradhi yanayoendana na unene. Daktari akaandika barua kwa bima, vipimo vyote ndani. Wakakataa. Akaandika tena, wakakubali kulipa sehemu. Barua ya pili mimi peke yangu nisingeiandika.

Jambo jingine ni dozi. Unaanza na miligramu 0.25 kwa wiki, unakaa hapo wiki 4, ndipo unapanda kidogo kidogo. Kwa muda mrefu ngazi ya juu ya Wegovy ilikuwa 2.4. Mimi nilitaka kukimbia. Daktari akaniambia, kama 1 inakutosha, unapanda kwenda wapi? Ninakonunua, kila ngazi ina bei yake, kwa hiyo nimetulia kwenye 1 na uzito bado unashuka. Muulize pia kuhusu liraglutaidi, sindano ya jamii hiyo hiyo: ni ya zamani zaidi na ni ya kila siku, lakini imeshaanza kutengenezwa na kampuni nyingine, kwa hiyo huenda ikawa nafuu.

Nesi ndiye aliyenifundisha kudunga. Alinibana nyama ya tumbo, mbali kidogo na kitovu, akanikabidhi mwenyewe kalamu, yaani sindano yenye dawa na kipimo chake ndani. "Ikishaingia usichomoe, hesabu polepole mpaka 6." Nilifumba macho. Nilifika 6 bila kusikia kitu, nikaendelea mpaka 9 kwa woga, yeye anacheka. Kwa kalamu huwezi kukosea sana. Kwa kichupa unapima mwenyewe na bomba la sindano, na mwaka huo huo wa 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani ilisema kuna watu waliojidunga dozi kubwa mara kadhaa kuliko yao kwa kusoma mistari vibaya, wakaishia hospitali. Ndiyo maana picha yako imeninyima usingizi.

Nilipata kichefuchefu wiki mbili na choo kigumu. Nikampigia nesi, akaniambia nile kidogo na niache mara tu ninapohisi nimeshiba. Simu hiyo sikuilipia.

Ila kabla hujaanza, piga hesabu ya mwaka mzima: kumwona daktari, vipimo, dawa yenyewe. Watafiti waliwafuatilia watu walioacha semaglutaidi, na baada ya mwaka walikuwa wamerudisha karibu theluthi mbili ya uzito waliopunguza. Ukiweza kulipia miezi mitatu tu, mwambie daktari hivyo hivyo, huenda akakushauri njia nyingine.

Nina miadi Alhamisi ijayo, twende wote. Beba dawa zote unazotumia, na hicho kichupa usikitupe, kibebe pia akione. Na huyo muuzaji akikupigia tena, mwombe akusomee namba ya toleo.

Wako,
Mwanaidi