Mdogo wangu anataka udaktari wa miaka minane, na mimi ndiye wa mwisho kujua

Mama mshauri,

Nakusalimu. Umeme umerudi usiku wa manane, wote humu ndani wamelala, nimebaki mimi na simu. Ukiona nimeandika ovyo, sababu ni hiyo. Na kabla ya yote ujue kwamba sina wivu na mdogo wangu, maana najua ndilo jambo la kwanza watu watakalosema.

Huyu mdogo wangu alitoka na shangazi kupitia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakapelekwa Marekani. Ana kadi ya ukaazi. Kule huingii udaktari moja kwa moja kutoka sekondari kama kwetu; amesoma kwanza biolojia, akamaliza, na sasa anaomba shule za udaktari. Tangu baba afe, hesabu ya nyumba hii ni moja: miaka minne ya udaktari, kisha aanze kulipwa, hata kama ni ule mshahara mdogo wa daktari anayejifunza kazi hospitalini. Mapacha wako sekondari. Mama ana kisukari. Mimi nauza vitenge Kadutu, na wewe unajua soko lilivyo tangu mji wetu wa Bukavu uchukuliwe na waasi wa M23 Februari 2025 na benki zifungwe. Mtu anashika kitenge, anakisifu, anakirudisha.

Juzi akanitumia karatasi moja ya maombi yake. Alitaka nihakikishe mwaka aliokufa baba, kwa sababu ameuandika humo. Kiingereza changu ni cha kubahatisha, nikampelekea jirani anayekifundisha. Akasoma, akanyamaza, akasema, “Kumbe hataki udaktari peke yake. Anataka na doktora ya utafiti, yaani PhD, vyote pamoja. Hiyo ni miaka saba, minane.” Nikacheka, nikamwambia ndiyo, hayo tulishayaongea.

Hatukuwahi kuyaongea, Mama. Hata siku moja.

Nilipompigia hakukana. Akaanza kunieleza kana kwamba mimi ndiye ninayemhoji kwa ajili ya shule. Kwamba anayeomba mpango huo wa pamoja huandika insha mbili zaidi, moja ya kusema kwa nini anataka vyote viwili, nyingine ya utafiti aliofanya, na hiyo inaweza kufika herufi 10,000. Herufi 10,000 za kuwaeleza watu asiowajua, na mimi sauti ya dakika moja kwenye WhatsApp sikupata! Kwamba insha hizo zinakwenda tu kwenye shule alizochagua mpango huo, shule nyingine hazizioni. Basi nasi alituweka kwenye orodha ya shule zisizoona.

Nisiwe mbaya. Ameniambia na yale mazuri. Serikali ya Marekani inafadhili mafunzo hayo tangu 1964, ada inalipwa na mwanafunzi anapata posho ya kuishi, na kwa kuwa ana ile kadi ya ukaazi naye anaruhusiwa. Anayesoma udaktari wa kawaida mara nyingi anatoka na deni la kama dolari 200,000. Nilipolisikia hilo nikakaa chini. Kwa hiyo ukiniuliza kama nataka apate nafasi hiyo, nataka. Lakini kwa nini jirani ajue kabla yangu?

Anasema moyo wake ulikamatwa na ule ugonjwa wa mpox ulioenea Kamituga, mji wa migodi huku kwetu Kivu Kusini. Wajomba zetu wako huko, watoto wao waliugua, na wakati ule alikuwa ananiuliza maswali kila jioni, mimi nikidhani ni huruma tu. Sasa anataka kuwa mtu wa maabara na wa wodi. Akanitolea mfano wa Profesa Muyembe, kwamba naye alisoma udaktari Kinshasa kisha akaenda Ubelgiji kufanya doktora ya virusi, ndiyo maana mwaka 1976 alipofika Yambuku, kwenye mlipuko wa kwanza wa Ebola hapa Kongo, alijua la kufanya. Nikamjibu kwamba Muyembe alimaliza cha kwanza ndipo akashika cha pili. Mpango wake yeye si hivyo. Wanasoma udaktari miaka miwili, wanauacha, wanaingia maabara miaka mitatu au minne au zaidi, ndipo wanarudi wodini kumalizia. Mimi nilikuwa mwaka wa pili wa udaktari hapa hapa Bukavu baba alipokufa. Nilisema nasimama mwaka mmoja tu. Mtu asinifundishe habari za kuacha katikati na kurudi.

Hilo sikumwambia. Nilimwambia tu kwamba watu wanaumwa sasa, na kwamba Daktari Mukwege, yule wa hospitali ya Panzi hapa Bukavu aliyepata Nobeli, hakusubiri. Najua si haki, kila mtoto wa Bukavu anayeshika kalamu anapigwa na jina la Mukwege kichwani.

Sasa jambo lenyewe. Shule moja ambayo hakuiomba mpango huo imemtumia fomu ya pili, na humo wanamuuliza wazi kama anafikiria shahada nyingine ya kuunganisha na udaktari. Rafiki yake anamwambia anyamaze, aingie kwanza kama daktari wa kawaida, kisha aombe akiwa ndani mwaka wa kwanza au wa pili, kwani shule nyingine zinaruhusu. Profesa wake anasema aseme sasa, nafasi za ufadhili ni chache na nyingi zinagawiwa mlangoni. Lakini ukikataliwa kwenye mpango wa pamoja, shule nyingine zinakuangalia tena kwa udaktari peke yake, nyingine zinafunga faili lako palepale. Kuna na njia ya katikati, shahada ya afya ya jamii, inayoongeza kama mwaka mmoja, ila hiyo mara nyingi unajilipia. Ameniuliza, “Yaya,” ndivyo anavyoniita mimi mkubwa wake, “niandike ndiyo, au niandike hapana?” Fomu inatakiwa kabla ya wiki hii kuisha.

Ameniuliza mimi! Baada ya kunificha.

Nikimwambia aandike hapana, wakimhoji baadaye na barua ya profesa wake inasema kijana huyu ni mtafiti, si wataona ni mwongo? Nikimwambia aandike ndiyo, insulini ya mama nani ataigharamia miaka minane? Posho ile ni ya mtu mmoja. Wakati mwingine nasema aandike ndiyo kwa shule zote, aone. Wakati mwingine natamani wamkatae kwenye mpango huo na kumpokea kwenye udaktari, mambo yaishe bila mimi kusema neno. Usiniambie nimwombee, namwombea tayari.

Na mama bado hajui. Kanisani anawaambia watu kwamba mtoto wake atakuwa daktari baada ya miaka minne, jana tena amelisema mbele yangu na mbele ya yule jirani. Hilo nani amwambie, mimi au yeye mwenyewe?

Yaya wa Kadutu, Bukavu