Majani tunayokunywa Mtwara yapimwe kama tunavyoyanywa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya dawa za majani zinazouzwa huku kwetu, minadani na kwenye stendi za mabasi: unga wa mlonge, mwarobaini mkavu, na mengine yasiyo hata na jina kwenye pakiti. Ukimuuliza muuzaji kuhusu usalama anakujibu, "Haya ni majani tu, hayana kemikali." Si kweli. Uchungu wa mwarobaini ni kemikali zilizomo ndani yake. Kemikali ya jani inaweza kutibu, na ikizidi kipimo inaweza kudhuru.

Sizipingi dawa hizi. Wengi wetu tumekuzwa nazo, na waganga wetu wanajua mengi. Nataka zipimwe, tena zipimwe kama tunavyozinywa. Maabara mara nyingi huloweka majani kwenye spiriti. Sisi tunachemsha sufuriani. Spiriti hutoa vitu ambavyo maji hayavitoi, na moto unaweza kuharibu kilichokuwa dawa. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alikutana na tatizo hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipokuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea wa artemisia. Alipoacha joto kali na kutumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, ndipo dawa ikaonekana. Kutokana nayo tumepata dawa mseto tunayopewa zahanati, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Usalama nao haupimwi kwa panya kunywa mara moja na kubaki hai. Mgonjwa wa sukari hunywa mlonge miezi na miezi, juu ya vidonge vya hospitali. Mlonge umeonekana kushusha sukari katika majaribio ya wanyama; vikikutana viwili, sukari inaweza kushuka mno mtu akazimia. Ini na figo lazima ziangaliwe kwa matumizi ya muda mrefu.

Halafu kuna salfa. Msimu wa kupulizia mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, vumbi lake na viuatilifu vingine hupeperushwa na upepo hadi kwenye mlonge wa mpakani mwa shamba. Watu wanachuma, wanaanika, wanasaga. Jani safi lililochumwa Dar es Salaam haliwezi kutuambia lolote kuhusu unga huo.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002. Baraza lipo, Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili ipo, Mkemia Mkuu wa Serikali yupo. Waje wachukue sampuli minadani Masasi, Newala na Tandahimba. Majibu yarudi huku kwa Kiswahili na yabandikwe zahanati, hata ya dawa zilizoshindwa. Wakati tukisubiri, wauguzi wetu wawaulize wagonjwa wa sukari na presha wanakunywa majani gani, bila kuwagombeza. Wakigombezwa wanaficha, na daktari anaongeza vidonge bila kujua.

Mkulima wa korosho,
Newala, Mtwara