Rangi inabanduka kwako, mbona tunachungulia kwa jirani?

Lalamiko ni lile lile: "Niliwaita mpake rangi, mkaishia kuzunguka nyumba na kuangalia mitaro ya mtaa, halafu mkanitoza." Mama mmoja alitutamkia wazi kwamba tumemla hela. Neno hilo lilituuma, kwa hiyo tunaeleza.

Ukuta ukilowa kwa chini, rangi hufura, lipu hutoa chumvi nyeupe kama unga, kisha humomonyoka. Wengi huita fangasi na kuagiza rangi ya mafuta. Hapo ndipo hasara inapoanza. Tofali hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ukiyazibia pa kutokea huku chini, yanapanda. Bwana mmoja aliona makadirio yetu ghali, akabandika vigae hadi usawa wa kiuno. Mvua za msimu uliofuata, unyevu ukatokeza juu ya vigae. Tulipovibandua, lipu ya nyuma ilikuwa laini, unaikwangua kwa kidole. Akagharamia vigae, akagharamia kuvivunja, na kazi yetu akailipia vile vile.

Maji hayo mara nyingi safari yake huanzia nje ya ukuta, pengine nje ya kiwanja kabisa. Jirani wa upande wa juu akipiga pevingi uwanja mzima, mvua iliyokuwa ikizama kwake inateremkia kwako. Barabara ya mtaa ikiinuliwa kwa kifusi, kiwanja chako kinageuka bakuli. Wenye nyumba nao huchangia: bustani ya maua inaegemezwa ukutani, udongo unaongezwa kila mwaka, hadi unaipita ile karatasi ya lami iliyolazwa juu ya msingi kuzuia unyevu. Udongo ukishaipita, karatasi hiyo haina kazi tena. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini yake kwa sentimita 15 hivi.

Kuna nyumba tulifukua udongo wote wa upande wa nyuma, maua yakiwemo, tukachimba mtaro wa kuyapitisha maji kando, tukaondoka bila kugusa brashi. Mwenye nyumba alinuna, na hatukumlaumu, maana sebule ilibaki na madoa. Ukuta ulichukua miezi kukauka. Ndipo tukabomoa lipu mbovu, tukapiga mpya, tukaiacha wiki nne, tukapaka. Kazi ile tunajivunia hadi leo.

Kabla ya kutuita, jaribu hili. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa ndani: mapishi, nguo zinazoanikwa chumbani, madirisha yasiyofunguliwa. Huna haja ya kutulipa chochote. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yamo ukutani.

Fundi wa kukupakia kesho kwa nusu ya bei yetu yupo, na mkono wake unaweza kuwa mzuri tu. Ila bei yake ni ya rangi. Yetu ina siku ya kufuata maji, ya kufukua msingi, na wakati mwingine ya kukaa na jirani kukubaliana mtaro upite wapi.

Ukiweza, tuite mvua ikiwa inanyesha. Tutakuja na mabuti.