Wanasema nimemwanika mume wangu

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia saa tisa usiku, usingizi umegoma na Jumapili si mbali.

Wanasema nimemwanika. Mama mkwe kalitamka mbele ya mawifi zangu, nami nimeshika sahani ya vitumbua nawakaribisha: "Umemwanika mwanangu." Nilimwanika wapi? Nilimwambia daktari, tena kwa sauti ya chini, nyuma ya pazia.

Hawa wanaume wa bandarini wenye hela za ghafla unawajua. Wangu hajidungi wala hasinzii vibarazani, na hapo ndipo mama yake anaposhikilia. Teja anayemjua yeye ni yule wa heroini, anayeinama mpaka pua inakaribia goti. Mwanawe anakesha macho makavu, anaongea, anazunguka chumba, anachungulia dirishani akidai kuna watu wanamfuatilia. "Mtu yuko macho hivi atakuwaje teja?" Ndiyo kokeini hiyo, Shangazi! Ikimwisha analala kutwa, na akiamka humsemeshi. Leso zake zenye damu ya pua nafua mimi, si wao. Noti ya elfu kumi niliikuta imeviringwa kama sigara, mfukoni mwa kanzu ya Ijumaa. Ya kanzu!

Usiku ule kifua kilimbana, jasho linamtoka, mkono wa kushoto umekufa ganzi. Na pombe alikuwa amekunywa. Nikaita bajaji. Njiani kanishika mkono: sema ni gesi, nimekula maharage. Daktari akauliza katumia nini. Nikasema. Wewe ungefanyaje? Daktari mwenyewe alinishukuru. Akanieleza kwamba unga ule unabana mishipa ya moyo na kupandisha presha, hata kijana wa miaka 30 anaweza kupata mshtuko wa moyo, na ukikutana na pombe ini linatengeneza sumu nyingine kali zaidi. Tena zipo dawa za kutuliza mapigo ya moyo ambazo angempa bila kujua, huenda zingemzidishia. Sasa nani alimsaidia, mimi au aliyetaka niseme gesi?

Kumwanika ni kwenda kusema soko la Mgandini. Mimi hata mama yangu mzazi sijamwambia. Bangili zangu zilizopotea nazo sijamuuliza mtu.

Shemeji ni afadhali kidogo kuliko mama yake, lakini naye anasema mume wangu apelekwe methadoni yaishe. Methadoni ni dawa ya mateja wa heroini, nilishauliza. Kokeini haina dawa mbadala ya namna hiyo; ni ushauri nasaha, tena wa muda mrefu, na kumtoa kwenye lile kundi. Na kundi lenyewe ndilo lililokuja na mfuko wa machungwa kumwona mgonjwa, mama mkwe akawapikia chai.

Jumapili baada ya alasiri kuna kikao. Wanataka niseme nilimsingizia, niombe radhi. Mume kanyamaza kimya, anatazama simu.

Simtaki tena, nakuapia. Begi langu liko chini ya kitanda. Ila jana nimemchemshia uji nikampelekea, maana nikimwachia mama yake atamshindilia pilau na presha ile. Usije ukadhani ni mapenzi, ni utu tu.

Kuomba radhi si kitu kwangu, tangu niolewe nimeomba radhi kwa mengi nisiyoyatenda. Lakini nikishatamka mbele ya wazee kwamba nilimsingizia, kifua kikibana tena usiku, daktari akiuliza, nitajibu nini? Na hao wazee wataniruhusu hata kuita bajaji? Mwenzangu mmoja kanishauri nipige 119, ya mamlaka ya dawa za kulevya, ni bure. Naogopa watakuja kumkamata badala ya kumsaidia, na hapo ndipo nitakuwa nimemwanika kweli.

Nijibu kabla ya Jumapili. Mtaa usiuandike, huku Ngamiani tunajuana, na mama mkwe husomewa ukurasa wako na wajukuu.

Mimi, mke wa mtu, Tanga