Tuzo ya albamu bora huharibikia kwenye kalenda na hesabu

Mhariri,

Kila msimu wa Grammy, tuzo kubwa za muziki za Marekani, ukipita, barua za wasomaji hujaa neno moja: kapokwa. Fulani kapokwa, fulani kabebwa, wapiga kura hawana masikio. Ugomvi huo una utamu wake, ila wengi wanaogombana hawajawahi kuuliza kura hupigwa lini, na nani, na huhesabiwaje. Swali la kama tuzo kubwa huwafikia wanaostahili mimi nalijibu hivi: mara chache, na ukitaka kujua kwa nini, anza na kalenda kisha uende kwenye hesabu. Upendeleo upo na nitaufikia, lakini hata ukiwakabidhi malaika karatasi za kura, utaratibu ulivyo utawapotosha.

Grammy haifuati mwaka unaoanza Januari. Tuzo zilizotolewa Februari 2025 zilihusu kazi zilizotoka kati ya 16 Septemba 2023 na 30 Agosti 2024. Huko nyuma pazia lilikuwa likishuka 30 Septemba. Sasa tazama. Taylor Swift alitoa albamu iitwayo 1989 tarehe 27 Oktoba 2014, siku 27 baada ya pazia kushuka. Albamu ikangoja hadi Februari 2016, na huko ndiko ilikokutana na To Pimp a Butterfly ya Kendrick Lamar, iliyotoka Machi 2015. Swift akaichukua tuzo ya Albamu Bora ya Mwaka. Mwaka uliofuata yakawa yaleyale: albamu iitwayo 25 ya Adele ilitoka 20 Novemba 2015, Lemonade ya Beyoncé ikatoka Aprili 2016, zikapangwa pamoja Februari 2017, Adele akashinda na kutumia sehemu ya hotuba yake kuisifu Lemonade. Albamu ya Oktoba au Novemba huwafikia wapiga kura ikiwa imeshapata karibu mwaka mzima wa redio, video na ziara. Ya Agosti ina wiki chache tu, kwa kuwa duru ya kwanza hupigwa Oktoba. Lebo kubwa zinaijua kalenda hii kwa moyo. Msanii anayejitegemea hutoa kazi siku anapopata pesa ya kumlipa fundi wa kuchanganya sauti.

Kwamba ushindi hutegemea umepangwa na nani, Paul Simon alilitamka jukwaani mwaka 1976. Alipopokea tuzo kwa Still Crazy After All These Years, alimshukuru Stevie Wonder kwa kutotoa albamu mwaka ule. Ukumbi ulicheka, lakini Wonder alikuwa ameshinda 1974 na 1975, na akarudi kushinda 1977, kwa hiyo mzaha ule ulikuwa na ukweli mwingi ndani yake.

Kuna pia suala la kuandikisha. Albamu haijipeleki, lazima lebo au mwanachama aiwasilishe. Frank Ocean hakuiwasilisha Blonde ya 2016, na alifanya hivyo kwa makusudi. Anayesema Grammy waliisahau Blonde anamlaumu mwenye nyumba kwa mgeni ambaye hakubisha hodi.

Tuje kwa wapiga kura. Ni wanachama wa Recording Academy, chama kinachotoa Grammy, watu zaidi ya 10,000: waimbaji, wapiga ala, watunzi, watayarishaji, mafundi wa studio. Si waandishi wa habari wala mashabiki. Katika vipengele vya aina mbalimbali za muziki, kila mmoja ana ruhusa ya kupiga kura katika vipengele visivyozidi 10, ndani ya makundi yasiyozidi matatu. Kanuni hiyo ni nzuri. Inamzuia mtu kujitia ujuzi wa kila kitu. Lakini vipengele vya jumla, ambavyo sasa ni sita na Albamu Bora ya Mwaka imo, viko wazi kwa wote. Fundi aliyetumia maisha yake kurekodi okestra, na mpiga banjo wa muziki wa kijijini, wote wanaamua kati ya albamu mbili za rap. Wanatakiwa kutazama ubora peke yake, wasijali mauzo wala urafiki. Wanatakiwa, basi. Hakuna anayewauliza kama wamesikiliza.

Piga hesabu ya muda. Albamu nane zilizoteuliwa, tuseme kila moja ina dakika 50: hizo ni dakika 400, yaani saa sita na dakika 40 kwa kusikiliza mara moja tu. Na albamu nzito haieleweki kwa mara moja. To Pimp a Butterfly peke yake inakaribia dakika 80, na mtu asiyeizoea rap akiisikiliza mara ya kwanza atatoka na kizunguzungu. Hapo tunazungumzia duru ya mwisho. Katika duru ya kwanza albamu zilizoandikishwa ni mamia, na hakuna binadamu anayezimaliza. Mtu akishindwa kusikiliza anapigia jina analolifahamu.

Jina linalofahamika ndilo lililowapa Steely Dan ushindi mwaka 2001 kwa Two Against Nature, albamu yao ya kwanza ya studio baada ya miaka 20, mbele ya The Marshall Mathers LP ya Eminem na Kid A ya Radiohead. Ndilo, kwa maoni yangu, lililombeba Herbie Hancock mwaka 2008, Back to Black ya Amy Winehouse ikabaki nyuma. Kuna na lile la mwaka 1989, kipengele kipya cha roki ngumu na metali: Metallica walikuwapo ukumbini na ...And Justice for All, zawadi ikaenda kwa Jethro Tull, bendi yenye filimbi. Hizi si albamu mbovu, niseme haki. Two Against Nature imerekodiwa kwa usafi ambao fundi yeyote wa studio angeuonea wivu, na mafundi wa studio ndio hao wenye kura.

Sasa hesabu, mahali ambapo watu hawapendi kupatazama. Mshindi ni yule mwenye kura nyingi kuliko wengine, basi, hahitaji nusu. Hadi 2018 wateule wa Albamu Bora ya Mwaka walikuwa watano. Tuzo za 2019 wakawa wanane, 2022 wakawa kumi, 2024 wakarudishwa wanane. Nia ilikuwa kupanua mlango, lakini kwenye hesabu ilileta kingine. Wakiwa watano, mshindi anaweza kupita na kura zinazozidi kidogo asilimia 20. Wakiwa wanane, asilimia 12.5 na ushei inatosha. Wakiwa kumi, asilimia 10 na chembe.

Chukua wapiga kura 1,000 na albamu nane. Albamu A, B na C, za muziki mpya, zinapendwa na watu wa mwelekeo mmoja: A inapata kura 170, B 150, C 140. Albamu D, ya mwanamuziki mkongwe asiyemuudhi mtu, inapata 190. Nne zilizobaki zinagawana 350, hakuna hata moja inayofika 130. D ndiyo Albamu Bora ya Mwaka, ingawa watu 810 kati ya 1,000 hawakuichagua. Wachambuzi watasema wapiga kura wameukataa muziki mpya, ilhali watu 460 waliutaka, wakagawanyika watatu.

Sasa waambie watu walewale wapange albamu kwa mfuatano, ya kwanza hadi ya nane. Iliyo mkiani inaondolewa, karatasi zake zinahamia kwa chaguo linalofuata, na hivyo hivyo hadi zibaki mbili. Karatasi za B na C zikiishia kwa A, A inafika 460. Wale 350 wakigawanyika nusu kwa nusu, A inamaliza na 635, D na 365. Ikitokea wote 350 wanaipenda D kuliko A, D itashinda kwa 540, na ushindi huo hakuna wa kuutilia shaka. Oscar wanatumia utaratibu huu kwa Filamu Bora tangu sherehe ya 2010, walipoongeza wateule kutoka watano hadi kumi. Walielewa kwamba ukiongeza idadi ya wateule, njia ya kuhesabu nayo ibadilike. Grammy waliongeza idadi, hesabu wakaiacha ilivyo.

Ushindi wa Jon Batiste mwaka 2022 kwa We Are, katikati ya wateule kumi, wakiwamo Billie Eilish, Olivia Rodrigo, Lil Nas X na Taylor Swift, ulishangaza wengi. Je, kura za wenye mashabiki wengi ziligawanyika au watu waliipenda albamu ile kwa dhati? Kampuni ya Deloitte ndiyo inayohesabu, na matokeo kwa tarakimu hayachapishwi.

Dawa iliyowahi kujaribiwa ilikuwa kamati. Mwaka 1995, The Three Tenors, waimbaji watatu wa opera, wakiwa miongoni mwa wateule na mkongwe Tony Bennett akiibuka kidedea kwa MTV Unplugged, lawama zilizidi, zikaundwa kamati za watu wasiotajwa majina za kuchuja waliopata kura nyingi katika duru ya kwanza na kutoa orodha ya mwisho. Kwa miaka mingi zilisaidia kuingiza kazi ambazo kura za wengi zingeziacha. Lakini siri nayo huzaa shuku. Novemba 2020 The Weeknd aliambulia patupu, hakuteuliwa hata mara moja, pamoja na albamu After Hours na wimbo Blinding Lights uliotawala dunia. Aprili 2021 kamati hizo zikafutwa. Kwa maoni yangu walikosea: ilitosha kutaja majina ya wajumbe.

Upendeleo, basi. Wanawake weusi walioshinda Albamu Bora ya Mwaka ni wanne: Natalie Cole 1992, Whitney Houston 1994, Lauryn Hill 1999, na Beyoncé 2025. Miaka 26 kati ya wawili wa mwisho. Beyoncé alishindwa mara nne kabla ya Cowboy Carter, ilhali ndiye mwenye Grammy nyingi kuliko mtu yeyote, 35. Alizipata wapi? Nyingi katika vipengele vya R&B na vinginevyo vya aina, ambako wanaopiga kura ni wale wanaojiona wajuzi wa aina hiyo. Kendrick Lamar vilevile: To Pimp a Butterfly na DAMN. zote zilishinda Albamu Bora ya Rap, zikaanguka kwenye kura ya wote. DAMN. ikapewa Pulitzer mwaka 2018, tuzo inayotolewa na kundi dogo linalokaa, kusikiliza na kubishana. Wajuzi nao huteleza, tusijidanganye: mwaka 2014 good kid, m.A.A.d city ilibwagwa na Macklemore na Ryan Lewis ndani ya kipengele cha rap chenyewe. Na tuzo ya albamu ya Mercury ya Uingereza, inayoamuliwa na jopo dogo, mwaka 1997 iliiacha OK Computer ya Radiohead ikaipa New Forms ya Roni Size na Reprazent. Lakini kosa la jopo lina sura. Walau unajua kuna watu waliosikiliza albamu zote wakakataa moja.

Wasomaji wanaofurahia kipengele cha muziki wa Kiafrika, kilichoanza mwaka 2024 kwa ushindi wa Tyla na Water, wakiangalie vizuri: ni cha wimbo mmoja. Albamu ya Mwafrika bado inapelekwa kwenye Albamu Bora ya Muziki wa Kimataifa, kapu ambalo hadi 2020 liliitwa muziki wa dunia, kana kwamba wengine wanarekodia mwezini. Mwaka huohuo wa 2024 Timeless ya Davido na I Told Them... ya Burna Boy zilipambanishwa na This Moment ya Shakti, wanaochanganya jazi na muziki wa Kihindi, na Shakti wakashinda. Kazi zote tatu ni nzuri, ila sijui mtu anazipimaje kwa kipimo kimoja.

Kama waandaaji wanataka kurekebisha, mambo ni machache. Kura ya mfuatano, hiyo ni kubadili karatasi tu. Kipindi cha kazi kiishe 31 Desemba na tuzo zitolewe katikati ya mwaka, ili albamu ya mwisho ipate miezi mitano au sita ya kusikilizwa. Na mwanachama athibitishe amesikiliza albamu zote nane kabla ukurasa wa kura haujafunguka. Oscar wameshaweka sharti la kutazama filamu zote za kipengele katika duru ya mwisho, kuanzia sherehe ya 2026. Wadanganyifu watawasha albamu na kwenda kulala, najua. Lakini usingizini nako kitu huingia.

La mwisho halina gharama yoyote. Mwaka 1985 Can't Slow Down ya Lionel Richie ilizishinda Purple Rain ya Prince na Born in the U.S.A. ya Bruce Springsteen. Imepita miaka 40 na ushei. Wachapishe kura za mwaka ule, tuone Prince alikosa kwa ngapi.

Wasalaam,
Mdau wa muziki