Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa mfuko wa programu huria: tengeni fungu la kulea wachangiaji

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam. Fomu yenu ya maombi ya ufadhili nimeijaza mara tatu, na kila mara swali la kwanza ni lilelile: mtaongeza nini kwenye programu? Hakuna panapouliza nani ataitunza pesa zikiisha. Ndiyo maana nimeamua kukuandikia hadharani.

Natunza maktaba ndogo ya msimbo inayosoma tarehe, yaani kipande cha programu huria (msimbo wake uko wazi kwa wote) ambacho programu nyingine hukitumia. Wanaoitumia ni wengi, tunaoitunza ni wawili. Mgeni mmoja aliwahi kutuletea kiraka chake cha kwanza, yaani marekebisho ya msimbo: mistari tisa tu, ya kurekebisha hitilafu ya tarehe 29 Februari, na jaribio lake ameliandika kabisa. Kilikaa miezi saba bila jibu. Mchana nilikuwa kazini, usiku nakimbizana na toleo jipya tuliloahidi kwa mfadhili. Nilipomjibu hatimaye na kumshukuru, alikuwa ameshakwenda zake. Kiraka tunacho mpaka leo. Yeye hatunaye, na bado inaniuma.

Unaikumbuka xz, Ndugu Mkurugenzi, ile programu huria ya kubana mafaili iliyomo kwenye mifumo mingi ya Linux. Machi 2024 mhandisi wa programu Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz. Aliyeupenyeza, aliyejiita Jia Tan, alikuwa amechangia zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa kutoa matoleo. Mtunzaji wa awali alikuwa karibu peke yake, amechoka na ameshasema hivyo wazi, huku watu wasiojulikana wakimshinikiza aongeze mtu. Mfa maji hukamata maji. Wapo waliomlaumu, mimi nilijiona ndani yake. Angekuwa na wenzake wanne waliokua naye polepole, shinikizo lile lingempata na watu wa kushauriana nao.

Watu hao hawaji kwa tangazo. Mtu hubaki kwa sababu swali lake la kwanza lilijibiwa ndani ya siku mbili tatu, na kwa sababu mwongozo wa kusakinisha ulifanya kazi kwenye kompyuta yake, si kwenye yangu tu. Alipewa kazi ndogo iliyoeleza aanzie faili gani. Kiraka chake kikasomwa mstari kwa mstari, akaambiwa kwa upole kwa nini hapa pabadilike. Cha tatu au cha nne kikipita, anaanza kusoma vya wenzake, na siku moja unamkabidhi funguo bila wasiwasi. Yote hayo ni saa za mtu, na saa hizo hakuna anayezilipia. Mpango wa Google Summer of Code, ulioanza 2005, na ule wa Outreachy huwalipa wageni wanaojifunza kuchangia programu huria, jambo jema sana, lakini mara nyingi anayewafundisha hujitolea.

Ombi langu: sehemu ya kila ruzuku iruhusiwe kulipia kusoma viraka na kulea wageni. Na mnapotukagua, tuulizeni wangapi walirudi na kiraka cha pili, kabla ya kuuliza tumeongeza vipengele vingapi.

Duru ijayo nitajaza fomu tena. Kwenye bajeti nitaandika saa kumi kwa wiki za kuwajibu wageni. Naomba msizikate.

Wako katika kazi,
Mtunzaji wa maktaba huria