Dodoma ina chakula, ila hakina bango

Ndugu Mhariri,

Bunge likianza vikao, wageni hushuka Dodoma na lalamiko lile lile: mji mkavu, vumbi tupu, hakuna cha kula ila chipsi mayai. Wengi wao huzunguka kwa bodaboda na kula pale wanaposhushwa. Chakula cha hapa hutafutwa kwa miguu, tena kwa saa zake.

Jua la huku halina masihara. Toka saa 12 na nusu asubuhi, uwe kivulini kufikia saa 5, kisha toka tena saa 10 jioni. Anzia Soko la Majengo, kwa wauza nafaka, na uombe kunusa unga wa uwele kabla ya kutoa hela. Kiini cha uwele kina mafuta mengi, kwa hiyo ukishasagwa haukai. Joto la wiki chache tu huyachachusha yale mafuta, na unga unapata uchungu unaong'ang'ania kooni. Ndiyo maana wenyeji husaga kidogo kidogo. Mgeni akipewa ugali wa unga uliolala, huondoka akisema uwele ni mchungu.

Mboga yake ni mlenda, na hapa ndipo wapishi wengi wa mjini wanapoharibu. Kiangazi hutumika mlenda mkavu: majani yaliyochumwa wakati wa kifuku, yakaanikwa, yakatwangwa. Kwa watu wanne, chemsha vikombe 2 vya maji na magadi robo kijiko cha chai. Yakichemka, punguza moto, nyunyiza unga wa mlenda vijiko 3 vya chakula huku unakoroga mfululizo. Ukiumwaga kwa mkupuo, unaganda mabonge, ndani makavu, na hayavunjiki tena. Usifunike sufuria, maana mlenda huumuka na kumwagika jikoni. Dakika 5 zinatosha, kisha weka karanga za kusaga vijiko 3, uache dakika nyingine 5 kwa moto mdogo. Magadi yakizidi, mboga inanukia sabuni, na hakuna karanga itakayoiokoa. Chumvi iwe ya mwisho, baada ya kuonja, kwa kuwa maji ya Dodoma yenyewe yana chumvichumvi.

Unaponunua mlenda mkavu, weka chembe kidogo kati ya meno ya mbele uung'ate. Ukisikia mchanga, ujue ulianikwa chini; mwachie mwenyewe.

Kwa mama lishe, fika kati ya saa 6 na saa 7 mchana. Ukichelewa, ugali wa uwele umeshapoa na kuanza kupasuka, na mlenda umekuwa maji.

Jumamosi panda daladala hadi mnada wa Msalato, umalizie safari kwa miguu. Chagua mwenyewe pande la mbuzi likiwa bichi, lipimwe mbele yako. Kilo ikichomwa hupungua sana, basi usishangae sahani ikija nyepesi. Wahi asubuhi, kwani mapaja na mbavu ndizo zinazotangulia kwisha.

Zabibu tazama kikonyo: kikiwa kibichi zimekatwa karibuni, kikiwa cha kahawia na kikavu zimeshalala. Usinunue zilizo chachu ukitegemea ziive nyumbani, zabibu haiivi ikishakatwa. Ubuyu nao, chukua ule mweupe usiotiwa rangi. Loweka kwa maji ya kawaida, usugue kwa mkono, chuja. Ule mwekundu wa sukari ni peremende ya pwani, haina ubaya, lakini usije Dodoma kuufuata.

Kwa wenye migahawa, ombi ni moja: andikeni uwele na mlenda ubaoni, juu ya wali na chipsi. Mgeni hawezi kuagiza asichokijua, na mpishi hapiki kisichoagizwa.

Wasomaji wako,
Dodoma